Sikasi Kipara na Bugenvile ya Jirani

Sikasi, ule mti wa mapambo, ilinigharimu dola mia na ishirini kule Goma, na kumi na tano za moto, pikipiki ya kukodi, kuifikisha Kibabi. Muuzaji alianzia mia mbili. Nilihesabu majani yake, nikapata ishirini na sita. Nikazunguka upande wa pili nikahesabu tena, ishirini na sita. Nikamwambia kwamba kwa bei yake jani moja linafika karibu dola nane, na kwetu jani ni kitu ambacho mbuzi anakula bure. Hakucheka.

"Papa, hapa hulipi majani," akasema. "Unalipa miaka. Huu muti nimeukalia miaka kumi na mbili."

Nikamjibu kwamba kama ameukalia miaka yote hiyo basi umechakaa, apunguze. Njo hapo tukafika mia na ishirini.

Bugenvile ya jirani yangu haikumgharimu kitu. Alikata kijiti kwenye bustani ya misheni, akakipeleka nyumbani ndani ya kikapu pamoja na vijiti vya muhogo, akakichomeka kando ya lango lake, akaenda kupalilia maharagwe. Mwaka wa pili kilikuwa kimeshapanda juu ya ua wa matete. Mwaka wa tatu kilivuka lango kutoka nguzo moja hadi nyingine, kikafanya upinde mzima wa zambarau, maua mepesi kama karatasi, mengi hadi huoni kijani. Jirani hakumwagilia hata kopo moja. Ukimuuliza siri anasema ule mti ukishiba maji unaleta majani, ukiona njaa unaleta maua. Maneno ya mtu ambaye babu zake wamezikwa kwenye kilima hicho hicho, anayeweza kuacha kitu kife njaa akijua hakitaondoka.

Mimi nilifika Kibabi kutoka upande wa Butembo, na duka langu linatazamana na lango lake. Kwa hiyo nilitazama. Kila Jumamosi baada ya misa ya ndoa, maharusi walitoka kanisani wakapita mbele ya duka langu bila kugeuka, wakaenda kusimama chini ya upinde wa jirani wapigwe picha. Watoto wa komunyo ya kwanza vilevile. Kuna mtu aliyenunua moto mpya akaileta pale, akaipiga picha peke yake, bila yeye mwenyewe kuingia. Jirani alikuwa anatoka na fagio, anasafisha maua yaliyoanguka, anawaambia karibuni, na hakuwaomba hata faranga. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mtu akiuza, unaweza kushindana naye kwa bei.

Lakini ningevumilia maharusi wa watu. Sikuvumilia binti yangu. Tangu akiwa mdogo, akitoka shule hakuja moja kwa moja dukani. Alipitia kwa jirani, akarudi na ua nyuma ya sikio na vumbi la lupango nyingine, la uwanja wa watu, miguuni. Mimi niliyelipa minervali, ile ada ya shule, daftari na viatu, aliniita Papa, kama watoto wote wanavyoita baba zao. Yule alimwita Papa wa Maua.

Alipopata mchumba, kijana muuguzi wa Walikale, na mahari ikakamilika, tukapanga ndoa iwe Jumamosi ya tatu baada ya Pasaka, kwa sababu ndani ya Kwaresima padri hafungishi. Nilitaka kitu kimoja tu siku hiyo. Nilitaka mtoto wangu apigwe picha mbele ya kitu changu, ndani ya lupango yangu.

Sikasi nilikuwa nimeziona Goma, mbele ya nyumba za watu wakubwa karibu na ziwa, mbili mbili mlangoni kama walinzi waliolipwa vizuri. Shina fupi, nene, lenye magamba, na juu yake majani marefu yaliyopangwa duara, magumu, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nilipima sikasi na bugenvile kichwani mwangu njia nzima, tangu Goma hadi Sake na kutoka Sake kupanda. Bugenvile inasimama kwa mgongo wa wengine: bila ukuta, bila lango, bila nguzo, inalala chini kama mlevi. Ina miba inayoshika kila anayepita. Usipoikata inaingia kwa watu bila hodi. Sikasi inasimama kwa miguu yake. Inatoa majani mapya mara moja kwa mwaka, yote kwa pamoja, halafu inanyamaza. Haiachi takataka. Nilijiambia huo njo mti wa mtu mwenye hesabu.

Tulipoishusha kwenye moto, imefungwa kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, jirani alivuka barabara kuja kuitazama.

"Iko na maua?" akauliza.

"Haina."

"Matunda ya kula?"

"Hapana."

"Inapanda juu?"

"Haipandi. Inakaa."

Aliizunguka taratibu. "Basi jirani, umetununulia shefu wa ofisi."

Watu waliokuwa dukani walicheka hadi mmoja akasahau alichokuja kununua. Mimi nikaipanda. Muuzaji alikuwa amenionya kwamba sikasi huoza miguu ikikaa kwenye maji, kwa hiyo nilichimba shimo, nikajaza changarawe nyeusi ya volkano niliyoileta ndani ya mfuko kutoka Sake, nikaisimamisha juu kidogo ya udongo. Ikashika. Miezi ikapita, majani ishirini na sita, hakuna lililoanguka. Wateja walianza kuuliza jina lake. Mwalimu mmoja alipiga picha mbele yake, akiwa peke yake, na simu ikiwa na ufa, lakini nilihesabu.

Kisha ikafika Jumapili ya Matawi.

Kwetu juu, penye baridi, michikichi haikai. Kila mwaka matawi ya maandamano yanapanda na malori ya mawese kutoka upande wa Walikale. Mwaka huo mvua ilikata barabara, malori yakalala kwenye matope, na Jumamosi mchana hapakuwa na tawi hata moja Kibabi nzima. Wamama wa shirika letu, lile kundi la sala la mtaa, walisimama mbele ya sikasi yangu. Walikuwa wametoka kwa jirani kwanza. Bugenvile ingewachana mikono, na maua ya zambarau hayafanani na Yerusalemu.

Sikuwahi kufurahi namna ile ndani ya Kwaresima. Walihitaji majani manne tu, ya kutangulia mbele. Jirani alikuwa amesimama pale langoni kwake na fagio, anatazama. Nikayakata mwenyewe, nikayatoa kwa mikono miwili.

Nilichosahau ni kwamba sisi hatuna shirika moja. Kabla ya jua kuzama lilikuja la pili, likiwa limesikia kwamba la kwanza limepewa, na mtu hawezi kubariki kundi moja na kuacha lingine karibu na Pasaka. Baadaye wakaja wanakwaya, baadaye katekista, ambaye alisema padri hawezi kutembea mikono mitupu. Mama ya watoto alinivuta pembeni, akanikumbusha kwamba sikasi hutoa majani mara moja kwa mwaka, mimi mwenyewe njo nilimfundisha. Nilimwambia anyamaze, watu wanatazama. Asubuhi jirani mwenyewe alipanga mstari pamoja na wengine. Akapewa jani la katikati, lile changa, zuri kuliko yote. Kisha nikakata la mwisho kwa ajili yangu.

Maandamano kama yale hayajawahi kuonekana Kibabi. Kilima kizima kilishika majani yangu. Niliimba hadi sauti ikapotea. Niliporudi nyumbani nilikuta gogo limekaa peke yake kwenye changarawe, halina hata unywele, na kuku amesimama juu yake.

Nililingoja. Nilijua halisikii haraka ya mtu, lakini kila asubuhi nilichuchumaa nikatazama juu ya kile kichwa kama kuna kitu kinachomoza. Pasaka ikapita. Ndoa ikafika.

Baada ya misa tulirudi nyumbani na wageni wa Walikale, mahema yamesimama, mchele unanukia. Mpiga picha aliniuliza tuanzie wapi. Nikamwambia mbele ya sikasi. Akatazama huku na huku.

"Papa, sikasi iko wapi?"

Nikamwonyesha. Mjomba wa bwana arusi, ambaye kwao michikichi inaota hata nyuma ya choo, aliinama akaitazama kwa heshima zote, kisha akasema nanasi yetu ni kubwa lakini imechelewa kuvunwa. Nilitaka kuweka bibi arusi mbele yake ili gauni liifunike. Binti yangu alinikaribia, akashika mkono wa koti langu.

"Papa, twende pale ng'ambo," akasema chini chini. "Ni kuvuka tu."

Nilivuka nyuma ya wote. Chini ya upinde palikuwa pamefagiwa. Siyo hivyo tu: matawi yote yaliyoning'inia na miba yake yalikuwa yamevutwa juu na kufungwa kwa kamba za mgomba, moja moja, ili shela isichanike. Kazi ya nusu siku. Hakuna aliyemwomba.

"Ulijua tutakuja," nikamwambia jirani.

"Ile siku ya Matawi nilikuona unakata la mwisho. Nikasema, huyu muntu ndoa yake iko nyuma ya Pasaka."

"Na hukuniambia."

"Ungenisikia?"

Mpiga picha akaniita. Nilisimama kulia kwa mtoto wangu, na jirani akaitwa asimame kushoto, na aliyemwita ni binti yangu. Picha hiyo sasa iko sebuleni kwangu, kubwa, ndani ya fremu. Ua moja la zambarau limeanguka juu ya bega la koti langu na mimi sikuligundua. Kila mgeni anayeitazama ananisifu kwa bustani. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha.

Majani yangu nayo nayaona kila ninapoingia nyumba ya mtu. Kwetu jani lililobarikiwa huwekwa nyuma ya msalaba, juu ya mlango, linakaukia pale mwaka mzima. Lile la katikati liko kwa jirani. Kabla ya Kwaresima ijayo yatakusanywa yote, yatachomwa, na padri atanipaka majivu yake kipajini, na sitakuwa na mtu wa kumdai.

Siku binti yangu anaondoka kwenda Walikale, jirani alimpa zawadi: kijiti cha bugenvile, kimeota tayari ndani ya mkebe wa maziwa. Lakini nyumba yao Walikale haijapigwa hata paa, wamepanga chumba kimoja. Akaniachia mimi. Akasema atakuja kukichukua, nisikiache kife. Nikakiweka kando ya sikasi kwa sababu pale njo kuna jua. Mizizi ikatoboa mkebe, ikaingia ardhini. Sikukimwagilia, kwa hasira, na kimechanua.

Binti yangu anapiga simu kila Jumapili. Anauliza afya ya mama yake, anauliza duka, halafu anauliza maua. Sikasi haiulizii. Na sikasi, baada ya kunyamaza muda wote ule, imetoa duara jipya: majani laini, yamejikunja nchani kama mkia wa kinyonga. Nimeyahesabu mara mbili, thelathini kamili. Bugenvile haina lango la kupanda wala nguzo. Imenyoosha tawi moja na imebakiza kiganja tu kuligusa jani la kwanza.

Nikiikata, Jumapili nitasema nini kwenye simu? Nikiiacha, itamfunika shefu mzima kabla mvua haijarudi. Anayejua kuijengea upinde, kuifunga bila kuivunja, ni mmoja tu hapa Kibabi, na lango lake liko mbele ya duka langu. Wewe unayesoma, kama umewahi kwenda kwa mtu wa namna hiyo kumwomba akufundishe kitu chake mwenyewe, nishauri: nikishavuka barabara, nianze na neno gani?