Mguu wa Bi Pindo

Walimwita Bi Pindo kwa sababu alikuwa fundi cherehani asiyesamehe pindo bovu. Ukiingia kibandani kwake na gauni la dukani, kabla hujamaliza salamu ameshaligeuza ndani nje na kusonya. Wateja walicheka, wakachukua nguo zao, wakaenda zao. Hakuna aliyekaa. Na yeye, tuseme kweli, hakuwahi kumwambia mtu kaa.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba mwaka wa tatu sasa, kuanzia vidole hadi gotini, mzito kama gunia lililoloa. Cherehani alikuwa akiikanyaga kwa mguu mmoja. Daktari alimweleza kwamba njia za maji ya limfu zimeharibika, maji yanatuama mguuni, na kwamba ugonjwa huo hauponi moja kwa moja, unatunzwa tu. Akampeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, binti mmoja mcheshi ambaye angeweza kuwa mwanawe.

Bi Pindo alitegemea kukandwa kama unga. Kumbe mikono ya yule binti ilianza shingoni, ikaenda kwenye kinena, taratibu, ikisogeza ngozi tu.

"Mwanangu, mguu uko huku chini."

"Najua, mama. Tunafungua njia juu kwanza, maji yapate pa kwenda."

Bi Pindo akalaza kichwa. Kutwa nzima alishika mabega na viuno vya watu kwa futi yake, lakini yeye mwenyewe hakukumbuka aliguswa lini mara ya mwisho. Machozi yakamtoka, akasingizia harufu ya dawa.

Kisha ikaja bandeji. Inakazwa kwenye wayo, inalegezwa kadiri inavyopanda.

"Nyumbani yupo nani wa kukufunga?" binti aliuliza. "Maana kidole kimoja hakivunji chawa. Bila msaidizi kazi hii haiendi."

"Yupo dada yangu," Bi Pindo alijibu upesi. Aliogopa kurudishwa. Dada mwenyewe alikuwa kaburini mwaka wa saba.

Njia ya mwongo fupi. Kila alipojifunga peke yake, bandeji ilimporomokea kifundoni. Siku ya tatu ufundi ukamzidi nguvu: akaishona ikawa soksi, na juu, chini kidogo ya goti, akatia mpira ili isishuke. Pindo lilikaa vizuri ajabu. Asubuhi mguu ulikuwa umefura kuliko jana, na chini ya goti pana mfereji mwekundu.

"Nani kafanya hivi?" binti alishtuka.

"Dada."

"Huyo dada anakutakia nini? Mpira unaziba palepale tunapofungua! Mwambie aje kesho, nimfundishe."

Akaigeuza soksi ndani nje, akaliangalia lile pindo, kisha akamtazama mgonjwa wake.

"Mama. Hii ni kazi ya mkono wako."

Bi Pindo aliinama. "Hakuna dada. Hakuna mtu yeyote. Niliona nikisema hivyo utaniambia nisije tena."

"Nikufukuze kwa kuwa mpweke? Basi nitakufundisha wewe."

Mganga hajigangi, wanasema, lakini waliosema hivyo bila shaka walikuwa na majirani. Bi Pindo alijifunza kuweka mguu kwenye kigoda, kukunjua bandeji bila kuivuta kwa nguvu, kukausha maji katikati ya vidole, na kuchezesha kifundo cha mguu juu na chini mguu ukiwa umefungwa. Shingo kwanza, kisha kinena, mguu mwisho. Alikosea mara nyingi, na kila alipokosea mikono ya yule binti ilikuja juu ya yake ikaielekeza.

Wiki ya nne mguu ulipimwa. Unene umepungua sentimita sita. Binti akapiga makofi.

"Hongera, mama! Sasa unajiweza. Hakuna haja ya kuja kila siku, tuonane baada ya miezi mitatu."

Bi Pindo alishukuru, akavaa viatu, vyote viwili sasa vikamwingia. Alitaka kufurahi na hakuweza. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na nikikosea, mwanangu?"

"Hukosei wewe."

"Nikikosea kidogo tu?"

Lakini mgonjwa mwingine alikuwa ameshaitwa, na Bi Pindo ikambidi ampishe mlangoni.