Kurasa Mbili Nyeupe

Pale bohari ya dawa walimwita Bi Mlio, maana mashine ya faksi ilikuwa mikononi mwake kwa miaka kumi na tisa na milio yake yote aliijua. Mlio mrefu wa juu: mashine ya upande wa pili imeitika. Mikwaruzo inayofuata: mashine mbili zinasalimiana, zinapatana mwendo wa kutumiana. Milio mifupi ya harakaharaka: laini ina mtu. Wenzake walimletea oda ya dawa, imesainiwa na kugongwa mhuri, wakaiacha mezani na kugeuka. "Bi Mlio, hiyo iende sasa hivi." Siku nyingine hayo ndiyo maneno pekee aliyoambiwa mpaka jioni.

Nyumbani hakukuwa na wa kumwambia hata hayo. Mume alishatangulia, mtoto hawakujaliwa. Alikuwa amebaki na dada yake mkubwa tu, aliyeishi mji ule wenye bohari kuu, miguu imemgomea, naye peke yake vilevile. Kila Jumapili walipigiana simu, mpaka wanaishiwa la kusema na bado hakuna anayekata. Kwa hiyo bohari kuu ilipotangaza nafasi ya karani, Bi Mlio alijaza fomu ya uhamisho kimyakimya. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Ijumaa hiyohiyo fundi akaleta mashine mpya. Akachomeka nyaya, akaondoka na ile kuukuu begani. Bi Mlio mwenyewe ndiye aliyeiwekea tarehe, saa na namba ya ofisi, vile vinavyochapwa kwenye mstari wa juu wa kila ukurasa unaotumwa. Kisha akangoja wenzake watoke. Saa kumi na dakika arobaini akaziingiza kurasa zake mbili, maandishi yakimtazama yeye, kama alivyozoea miaka yote. Zikapita chapuchapu.

"Ah, wewe una mbio," akaiambia mashine.

Ikamtolea ripoti ya uthibitisho: kurasa mbili, sawa.

Jumatatu asubuhi, alipomaliza tu kutuma oda ya wiki, karani wa bohari kuu akapiga simu. Bi Mlio alifungua spika ili apate kuandika.

"Shangazi, mbona oda yenu imekuja nyeupe pe? Mmeishiwa wino au mmeishiwa wagonjwa?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Dereva akainama juu ya mashine, akaona kijipicha kilichochorwa pembeni. "Bi Mlio! Hii inataka maandishi yatazame chini. Umewatumia mgongo wa karatasi!"

Yeye hakucheka. Zile mbio za Ijumaa zilikuwa zimemrudia. Ukurasa wenye maandishi huchukua muda kupita, ukurasa mtupu haukawii. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani, na bado alikuwa amefurahi.

Angeweza kunyamaza, fedheha ikaisha na kicheko chao. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Mwanangu, usikate. Ijumaa jioni zilikuja kurasa mbili nyeupe?"

"Zilikuja. Tumezitia kwenye karatasi za kuandikia ovyo."

"Zitafute. Nisomee mstari wa juu."

Zikasikika droo za meza zikivutwa huko.

"Nimepata moja. Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini, namba yenu. Samahani Shangazi, chini nimeandika nani anakunywa chai na nani kahawa."

"Hiyo ni fomu yangu ya uhamisho. Mwambie mkubwa wako ililala chali badala ya kifudifudi, lakini kabla ya saa kumi na moja ilikuwa imefika."

Mtunza bohari akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Kumbe unataka kutuhama?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa oda atatuma nani?"

Mkubwa wa bohari kuu alikubali fomu itumwe upya, ibanwe pamoja na ule ukurasa wa chai na kahawa. Wiki tatu baadaye barua ikaingia: nafasi ameipata, aripoti mwezi ujao.

Ndipo viti vikaanza kuvutwa mezani kwake. Watu ambao hawajawahi kukaa hapo wakakaa, na kalamu mkononi.

"Mhuri ukiwa umefifia?"

"Weka ubora wa juu. Utachelewa kupita, ila utasomeka."

"Karatasi zikiisha faksi ikiwa njiani?"

"Inaingia kwenye kumbukumbu ya mashine. Tieni karatasi, itatoka yenyewe. Msizime umeme tu."

"Na laini ikiwa na mtu?"

"Itapiga tena yenyewe. Msiigonge."

Alijibu wiki nzima, mpaka sauti ikamkauka. Waliuliza juu ya kila kitufe. Hakuna aliyeuliza anakwenda kwa nani.