Mstari wa Chaki

Tairi lilipita mbele ya geti la gereji yetu likiwa peke yake.

Hakuna gari. Tairi tu, linateremka mlima kama mtu aliyetumwa dukani.

Likamgonga mama mmoja aliyekuwa anasubiri kuvuka barabara. Mguu ukavunjika sehemu mbili.

Gari lenyewe lilikuwa kule juu, limeinama upande mmoja. Lilitoka kwetu dakika tano tu kabla.

Wakati huo nilikuwa msimamizi wa mafundi. Tulikuwa na utaratibu wetu: ukishakaza nati za gurudumu, unachora mstari wa chaki kwenye tairi. Mstari maana yake "nimekaza." Kila fundi na rangi yake. Bonge alitumia bluu. Kimya, shemeji yangu aliyemwoa dada yangu mdogo, alitumia njano.

Asubuhi hiyo yaliingia magari mawili meupe yanayofanana kama mapacha. Kadi za kazi zilisema moja ni la Kimya, jingine la Bonge.

Lililong'oka tairi lilikuwa la Kimya.

La Bonge lilirudi saa sita mchana, mwenyewe analalamika kwamba gurudumu linagonga. Kuangalia, nati zimelegea zote.

"Nilichora kwanza, bosi, chai ikaniita," Bonge akasema.

Pamoja na yote ya siku ile, tulicheka mpaka basi. Akakaza, gari likaondoka.

Kesho yake tukamweka Kimya kikao.

"Ulikaza nati?" meneja akamuuliza.

"Nilichora kabla ya kukaza. Nikaitwa chai, nikasahau."

Maneno yaleyale. Hakuna aliyecheka.

Meneja akasema jamaa ana roho ngumu, hata chozi halimtoki. Karani akasema yeye alimshtukia zamani. Mimi nilimwangalia usoni nikaona ukatili. Naapa niliuona. Nikasaini afukuzwe.

Dada akanipigia simu.

"Kaka, unamfukuza mume wangu kwa kusahau?"

"Kuna mtu amevunjika mguu, mdogo wangu."

Nikakata. Nikamalizia kula.

Ikapita miezi minne. Siku moja nikawa napanga stoo, nikalikuta lile tairi limefunikwa turubai. Hakuna aliyewahi kuliangalia. Ya nini, wakati kadi ilishasema?

Nikafunua. Mstari wa chaki ulikuwa bado upo.

Wa bluu.

Karani alikuwa amechanganya kadi. Gari lililorudi kwa kugonga ndilo lilikuwa la Kimya. Lile tulilolichekea, bila hata mmoja wetu kutazama rangi ya mstari wake.

Nikalibingirisha tairi hadi ofisini. Meneja akalitazama, halafu akachungulia dirishani, Bonge yuko uani anapiga soga.

"Unajua huyu sijawahi kumwamini," akasema. "Anachekacheka sana."

Nami nikamtazama Bonge. Ule ukatili niliouona kwa Kimya ulikuwa umehamia usoni kwake.

Nikaenda kwa dada. Alinifungulia mlango bila salamu. Kimya alikuwa ndani anakunja nguo za watoto.

"Shemeji, lile tairi halikuwa lako. Meneja anasema urudi kazini."

Akakunja shati, akaliweka juu ya mengine.

"Nilichora kabla ya kukaza," akasema. "Hilo limebadilika?"

"Hapana."

"Basi mlinifukuza kwa kosa gani?"

Kimya hajarudi kazini mpaka leo.

Ninachoweza kukuachia wewe unayesoma ni hiki: mtu akikosea, kabla hujamsomea hukumu, jiulize ungesema nini kama hakuna aliyeumia. Mimi ningecheka. Najua, kwa sababu nilicheka.

Na kuna kitu sijakwambia. Nilipokuwa fundi, chaki yangu ilikuwa nyekundu. Miaka tisa nilichora kabla ya kukaza, na mara ngapi nilisahau kurudi, hata sijui.

Matairi yangu yote yalifika salama. Ndiyo maana wakanipa usimamizi.