Betri ya Shangazi Nailoni

Nyumbani kwa shangazi yangu kila kitu kimevaa nailoni. Makochi yalitoka dukani nayo na hayajawahi kuvuliwa, rimoti inaishi ndani ya mfuko wa mkate, na ukiinuka baada ya kukaa, mtaa mzima unasikia. Sisi watoto wa kaka yake tulimbandika jina la Shangazi Nailoni. Analijua, na wala halimsumbui.

Alifundisha ushonaji chuoni kwa miaka ishirini na miwili. Hata mimi alijaribu kunifundisha, lakini nilikuwa nashona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, naye ananifumulia kwa wembe. Nikaishia kuwa fundi wa simu na kompyuta. Kisha bibi, mama yake, akapata kiharusi, na shangazi akaacha kazi ili amuuguze. Kwa miaka mitatu alimgeuza, alimlisha, alimwogesha. Cherehani aliifunika, na kompyuta yake ya mkononi akaizungushia nailoni mara mbili na kuitia kabatini. Bibi alipotutoka, shangazi alibaki anafuta vumbi juu ya nailoni, siku nzima, na mimi niliogopa kumtazama.

Ndipo chuo kikamwita. Mwalimu wa ushonaji amehama; kama bado ana masomo yake, aje Jumatatu ayaonyeshe kwa mkuu wa chuo. Masomo hayo, pamoja na michoro yote ya kukata nguo, yalikuwa ndani ya kompyuta ile peke yake. Nakala hakuwa nayo.

Jumamosi asubuhi nilimwendea na mkoba wangu wa vifaa. Kompyuta ilikuwa safi utadhani ya jana, ila haikuwaka. Kuifungua, betri imevimba tumbo. Miaka mitatu bila kuguswa ilikuwa imeimaliza. Kompyuta nyingine huwaka kwa chaja tu, hata bila betri. Hii si ya aina hiyo, na hifadhi yake ya mafaili imechomelewa kwenye bodi, haichomoki ili isomwe kwenye kompyuta nyingine. Niliitoa ile betri taratibu, nikaiweka uani kwenye sinia la bati, kwa maana betri iliyovimba si ya kuchezea. Nikazunguka madukani hadi nikapata mpya ya aina ileile.

Niliporudi nilibandua kinga iliyofunika vijino vyake vya shaba vya kupitishia umeme, nikaipima kwa mita, ikasoma vizuri. Nikaiacha mezani nikaenda kunawa mikono. Kisha nikaipachika, nikachomeka chaja, nikabonyeza kitufe.

Kimya.

Nilishikilia kitufe nusu dakika nzima. Nikapima chaja, nzima. Nikasafisha kwa spiriti vile vijino vya shaba vya upande wa kompyuta. Upande wa betri sikuuangalia tena, maana betri ni mpya, na si nimeipima mwenyewe? Ndivyo tulivyo mafundi, tukishaamini kitu hatukitazami mara ya pili. Saa nane ikapita, ikafika saa kumi. Shangazi alikaa kwenye ncha ya kochi, anakunja na kukunjua futi yake ya kupimia nguo.

Mwishowe nilimwambia kwamba nadhani bodi imekufa.

"Basi, mwanangu," alisema. "Umejitahidi. Nitawaambia kazi yenyewe nimeshaisahau."

Alivyolisema hilo kwa upole ndivyo lilivyonichoma. Nikaichomoa betri ili nifunge mkoba wangu niondoke kabla sijalia mbele yake. Mwanga wa dirishani ukaipiga ile shaba, ikameta. Shaba haimeti hivyo. Nikapitisha ukucha.

Nailoni. Kinga ileile niliyoibandua asubuhi, imerudishwa mahali pake na kukatwa kwa mkasi sambamba na ukingo, bila kuzidi hata unywele.

Nilimgeukia.

"Nilidhani umesahau kuirudisha," alisema. "Nikaipunguza kidogo pembeni. Ilikuwa imekaa ovyo."

Nilitaka kufoka, kicheko kikaniwahi. Nilicheka mpaka nikalala sakafuni, naye akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, hadi nilipoibandua ile kinga na kuipachika betri upya. Taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka. Kioo kikafuata. Masomo yote yalikuwemo, kuanzia somo la kwanza, kukata kola. Nilinakili kila kitu kwenye flashi tatu, wakati yeye anasoma somo lake la kwanza kwa sauti na kunung'unika kwamba aliyeliandika hakuwa makini.

Jumatatu mchana nilipita kwake kusikia habari. Mlango ulikuwa wazi na cherehani inanguruma. Bila kusimamisha mguu alinieleza kuwa amepewa darasa, wanafunzi kumi na wanane, anaanza wiki ijayo, na sketi ya kuingilia darasani lazima iwe mpya. Nikajitupa kwenye kochi nikishukuru, halafu nikashtuka, kwa sababu halikutoa sauti.

Nailoni ilikuwa imekunjwa vizuri kando ya mlango. Nilitazama nilichokalia. Kochi lilikuwa la kijani. Tangu utotoni nilijua ni la kijivu.