Tulipewa "Most Improved Team" Kitale na ilikuwa mara yetu ya kwanza kushindana

Wakuu, hamjambo huko mliko?

Nawasalimu kutoka Bumula, huko Bungoma. Haya ninayoandika sikuambiwa na mtu. Nilikuwa ndani ya ukumbi, nimevaa suti niliyoolea, nikishuhudia kwa macho haya mawili. Majina ya watoto nimebadilisha. Jina la akademia moja, shule ya kibinafsi, silitaji, kwa sababu nina familia na bado nahitaji kazi.

Mimi ni mwalimu wa Physics kwenye shule ya kutwa. Maabara yetu ni darasa lenye sinki. Sinki haina maji, lakini wageni wakija tunawaonyesha sinki.

Klabu yetu ya robotiki ilianzishwa na msichana mmoja, tumuite Nafula. Mrefu, mnyamavu, haongei mpaka umuudhi.

Mama yake alipeleka mahindi kwa mnunuzi. Mnunuzi akafungua gunia, akaingiza mkono, akatoa punje zilizooza. Mzigo wote ukarudi nyumbani. Likizo ile yote Nafula na mamake walikaa kwenye turubai wakichambua punje kwa vidole.

Shule ilipofunguliwa akaja staffroom.

"Mwalimu, si kuna mashini inaweza kuona mahindi imeoza?"

Nikamwambia zipo, kwenye viwanda vikubwa huko ng'ambo.

"Basi sisi tutengeneze ndogo."

Hivyo tu. Hakukuwa na vision wala mission.

Akamvuta mwenzake wa darasa, Simiyu, kijana ambaye ameshafungua kila redio ya ukoo wao. Nyingine zilirudi kufungwa, nyingine ziko na Mungu.

Wakachukua mota ya printa ya shule iliyokufa, fremu ya mbao, na mfereji uliokatwa kutoka kwa mtungi wa mafuta ya kupikia. Mimi nikaagiza sensa, yaani kihisi cha mwanga, na saketi ndogo kutoka Nairobi. Punje inateremka, sensa inaiangalia, ikiwa nyeusi inapigwa kando na kijiko cha chai.

Ndiyo, kijiko cha chai. Cha staffroom. Mpaka leo tunakoroga kwa kalamu.

Wacha niwe mkweli: ilikuwa pole pole. Ukiiwekea kopo moja la gorogoro la mahindi asubuhi, mchana bado inachambua. Lakini ilichambua. Na hao watoto wawili, hata ungewaamsha usingizini, wangekuambia kila waya inatoka wapi na inaenda wapi.

Ndipo tukasikia kuna mashindano ya robotiki Kitale, shule za Trans-Nzoia na Bungoma. Mada ya mwaka huo: suluhisho la nyumbani kwa shida ya nyumbani. Mshindi anaenda Nairobi.

Wakuu, niliposoma hiyo mada nilijiona tayari niko Nairobi.

Tukaazima gari la kanisa, tukafunga mashini yetu kwa blanketi kama mtoto mchanga, tukapanda Kitale.

Sasa, tulipofika, meza ya jirani yetu ilikuwa ya akademia moja ya huko mjini. Wao walikuwa na roboti jeupe, linafika mtu kiunoni, macho yanawaka bluu. Ukilikaribia linainua mkono na kusema kwa Kiingereza, "Welcome to Kitale." Lafudhi ni ya Texas. Nina hakika lilikuwa limefika Kitale wiki hiyo hiyo, ndani ya kartoni.

Pembeni ya roboti alisimama jamaa wa makamo na laptop. Walimwita coach. Watoto wa akademia walikuwa wamevaa tai na makoti, wakipiga selfie.

Nikaona pia mzee mmoja akimfunga mmoja wa wale watoto tai vizuri, anampapasa kichwa. Nikasema moyoni, ona jinsi watu wa Kitale walivyo wakarimu.

Baadaye mzee akaenda kuketi kwenye meza ya majaji. Katikati.

 Nilijiambia labda ni mkarimu na pia ni jaji.

Zamu yetu ikafika. Nafula akasimama, akaanza, "Our lobot is sorting maize..."

"Sorry, your what?" jaji wa katikati akauliza.

"Lobot."

"Come again?"

Majaji wakacheka. Kwa msiotujua, sisi watu wa Bungoma L na R ni ndugu; mmoja asipokuwepo, mwingine anashika zamu. Lakini yule mzee alijua vizuri sana kinachosemwa. Kwani alidhani mtoto amebeba nini kwa blanketi, mbuzi?

Nafula hakutikisika. Akamwaga mahindi, akawasha. Kijiko kikaanza kazi yake. Tak. Tak. Punje mbovu huku, nzuri kule.

Jaji mwingine akainama, akatazama, akauliza swali la maana kuliko yote ya siku hiyo:

"Inaongea?"

Simiyu akamjibu, "Hapana. Inachambua mahindi."

"Mngeifanya iongee," akasema, wakahamia meza ya Texas.

Huko walikaa mpaka chai ikaletwa hapo hapo.

Saa ya zawadi ikafika. Mgeni wa heshima alikuwa mama mmoja aliyestaafu ualimu, ameketi mbele, ametulia kama maji mtungini. Director wa mashindano ndiye alishika maikrofoni. Wakuu, kama hamjawahi kusikia zawadi zikigawanywa na mtu asiyetaka kugombana na mfadhili yeyote, mmekosa sinema.

Kulikuwa na Best Team Spirit. Kulikuwa na Best Use of Colour. Kulikuwa na Best Supportive Parents, na wazazi wakapanda jukwaani kwa vifijo kuchukua kombe, watoto wao wakipiga makofi kutoka chini. Shule moja ambayo roboti yao ilikataa kuwaka tangu asubuhi ilipewa Best Safety. Hiyo angalau ni ukweli, haikumdhuru mtu.

Kisha: "Most Improved Team... Bumula!"

Nikatazamana na watoto. Timu iliyoboreka zaidi, na ilikuwa mara yetu ya kwanza kushindana. Mahali popote. Hata mbio za magunia hatukuwa tumeshindana.

Tukapanda. Tukapewa cheti. Piga picha. Nilikuwa nimeshageuka kushuka niliposikia Nafula amebaki kwenye maikrofoni.

"Samahani Director. Tumeimprove kutoka wapi?"



Director akacheka kile kicheko cha kutafuta njia. "Majaji waliwaona, bana. Asubuhi mlikuwa na uoga. Mchana mkawa na confidence."

"Asante," Nafula akasema. "Na lobot nayo iliimprove, ama ni sisi tu?"

Wueh! Ukumbi ulipasuka. Hata madereva waliokuwa wamesimama mlangoni walishika mbavu. Mimi nilikuwa nimeganda pale kwenye ngazi na cheti mkononi, sijui kama nimtoe mtoto jukwaani au nimpigie saluti. Alishuka mwenyewe, polepole, akaketi. Ndipo nikaona macho yake yamejaa machozi. Alikuwa hajauliza kuchekesha watu.

Tukaja kwa mshindi wa jumla. Sina haja ya kuwataabisha, mnamjua.

Akademia wakapanda na roboti lao. Likainua mkono, likamkaribisha mgeni wa heshima Kitale. Mama akafurahi, akalishika mkono. Kisha, bila ubaya wowote, akamgeukia nahodha wao, kijana tumuite Ryan.

"Vizuri sana mwanangu. Sasa liambie linisalimie kwa Kiswahili."

Ryan akatazama roboti. Akatazama nyuma ya ukumbi.

"Madam, siwezi."

"Kwa nini?"

"Anayejua ni coach, na ameenda kunywa chai."

Wakuu! Yule mtoto hakudanganya. Angeweza kusema betri imeisha. Alisimama tu pale, akasema ukweli mbele ya watu wote, kitu ambacho hakuna mtu mzima kwenye jukwaa hilo alikuwa amefanya siku nzima.

Director akaruka kwenye maikrofoni: "Teknolojia ina changamoto zake!" DJ akawekelea gospel kwa sauti ya juu. Kombe likatolewa hivyo hivyo. Mama mgeni wa heshima alilikabidhi kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika soksi chafu ya mtu mwingine.

Tulipokuwa nje tunafunga mashini, Ryan akaja. Peke yake, tai ameitoa.

"Mimi nilifanya slides tu," akasema. Hakuna mtu alikuwa amemuuliza. "Naweza kuona hiyo yenu?"

Nilidhani Nafula atamfukuza. Simiyu alikuwa tayari amekunja uso. Lakini Nafula akafungua blanketi, akampa konzi ya mahindi. "Weka mwenyewe."

Walikaa hapo chini kwenye simiti, watatu, mpaka dereva wa kanisa akaanza kupiga honi. Huyo kijana aliuliza maswali ambayo majaji hawakuuliza. Kwa nini mwanga unatoka pembeni? Punje mbili zikija pamoja? Nafula akamwambia ukweli, "Hapo inachanganyikiwa."

 Njiani kurudi, tulipofika Lugulu, Nafula akauliza bila kunitazama, "Mwalimu, wangetuambia tu tumeshindwa, si ingekuwa sawa?"

Nina digrii, wakuu. Lakini nilichomwambia ni afunge dirisha, vumbi linaingia.

Kesho yake prinsipali wetu akatangaza kwenye paredi ya asubuhi kwamba shule imetwaa tuzo ya eneo zima. Makofi. Cheti kikatundikwa ofisini, juu ya kalenda. Nafula na Simiyu walisimama mstarini kama watu wanaopewa pole.

Mimi nilimpigia director. Nikamuuliza kwa heshima kama majaji hawawezi kumwambia kila mtoto abadilishe kitu kidogo kwenye kazi yake mbele yao, tuone ni ya nani. Akaniambia nina roho ya kushindwa. Kumbe mama mgeni wa heshima naye alikuwa amepiga simu kuuliza hayo hayo. Huyo hakuambiwa ana roho ya chochote.

Mwaka uliofuata mashindano yaliletwa Bungoma. Sheria mpya: mtu mzima hakaribii meza, na jaji anakwambia ubadilishe kitu hapo hapo. Director alieleza kwamba wazo hilo lilimjia akiwa kwenye maombi. Sisi tukasema amina.

Yule mzee wa kufunga tai alikuja kama mzazi. Aliketi kwa wazazi.

Ryan alikuja pia, na kigari kibaya alichokiunda mwenyewe. Kiligonga mguu wa meza, kikarudi, kikagonga tena. Hakupata zawadi yoyote, na sijawahi kuona mtu aliyeshindwa akiwa amechangamka namna ile.

Sisi tulikuwa tumeongeza kasi, na punje mbili zikija pamoja hazikutusumbua tena. Nilijua safari hii ni yetu.

Haikuwa yetu.

Walishinda wasichana kutoka miteremko ya Mlima Elgon. Walikuwa wametengeneza kifaa cha kutambua fuko anapochimba kwenye shamba la viazi. Akipita chini, taa inawaka nyumbani. Jaji akang'oa waya kadhaa, akawaambia warudishe. Wakarudisha wakiongea, wakibishana, mmoja akimpiga mwenzake kofi mkononi, "Si hapo!" Taa ikawaka. Ukumbi wote ukasimama.

Sisi tukawa wa pili. Nafula alikuwa Form Four, kwa hivyo hiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

Nikamtafuta nimfariji, nikiwa nimeshaandaa hotuba. Nikamkuta amepiga magoti chini ya meza ya washindi, anaonyeshwa jinsi sensa yao inavyofukiwa ardhini.

"Mwalimu," akasema, "hawa wametushinda kweli kweli."

"Unajisikiaje?"

Akafikiria. "Nimeumia. Lakini siyo kama ile ya Kitale. Hii naweza kulala nayo."

Hotuba yangu nikaimeza.

Nililojifunza, wakuu, ni hili: mtoto anaweza kubeba kushindwa. Kitu kinachomvunja ni kudanganywa huku anapigiwa makofi, halafu aambiwe atabasamu kwa picha. Kama huna zawadi ya kumpa, mwambie ulichoona kwenye kazi yake. Hicho peke yake kinatosha kumrudisha mezani.

Haya, walimu, wazazi, na nyinyi majaji mnaosoma kimya kimya, uwanja ni wenu. Watoto wenu walipewa zawadi gani ya ajabu, na mliwaambia nini mlipofika nyumbani?