Diski ya Mae

Asiyetaka kuamini na asiamini, sina haja ya kumbembeleza mtu. Haya yalinitokea mimi, alasiri, macho makavu, katika kibanda changu cha ufundi wa kompyuta pale Hamugembe. Mama yangu yu hai, aulizwe.

Kwanza mjue habari za kaka yangu, Kamugisha. Ufundi huu alinifundisha yeye, na ndiye aliyerithi kibanja, shamba la migomba la marehemu baba. Alikwenda visiwani Muleba kutengeneza kompyuta ya wanunuzi wa samaki, mtumbwi ukapinduka, ziwa likamficha. Kwetu, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikiwa mgomba: unakatwa, unavishwa sanda, unashushwa kaburini kwa jina lake. Si desturi mbaya, inawatuliza walio hai. Ila baba yetu mdogo hakuwa na subira. Wavuvi walikuwa bado wanatafuta, yeye tayari anachimba, maana kibanja hakipati mrithi mwingine mpaka wa kwanza azikwe. Mama alipiga kelele, "Mwanangu si mgomba!" Nani alimsikiliza? Ukazikwa, baba mdogo akakitwaa kibanja.

Sasa sikilizeni. Masika yaliyofuata, mvua inamwagika, akaingia mwanamume mfupi, mweusi, ana kovu shavuni, sipiyu kuukuu iko begani. Kaka alikuwa mrefu na mweupe. Huyu sikuwahi kumwona.

"Haijijui," akasema. "Inataja vitu ambavyo haina."

Nikaiwasha. Kweli, skrini ikataja diski mbili. Nikaifungua, ndani imo moja tu. Hilo si geni kwa fundi. Nikatoa betri ndogo ya kwenye bodi, ile inayotunza kumbukumbu za mashine, nikangoja, nikairudisha. Bado mbili. Nikaudhika, nikachomoa hata ile iliyokuwemo. Jamani, mashine haina diski kabisa, waya unaning'inia! Nikawasha. Ikataja diski moja, na jina lake: MAE.

Mae ni mama, kwa Kihaya. Diski za Kamugisha zote ziliitwa hivyo. Tena ukurasa ule huonyesha jina la kiwandani, hauonyeshi jina alilobandika mtu. Na diski yake ya mwisho ilizama naye.

"Umeitoa wapi hii?"

"Niliiunda mwenyewe."

Nikamkaribisha kahawa ya kutafuna. Mgeni kwetu haikosi, na nilitaka kumtazama vizuri. Akaipasua buni kwa meno, nusu akatafuna, nusu akanipa. Hivyo ndivyo tulivyokula mimi na kaka tangu utoto, na hakuna mwingine aliyejua. Niliogopa, nawaambia ukweli.

"Mdogo wangu," akasema, "kila nikifika nyumbani naambiwa Kamugisha yumo. Mmemlaza nani mahali pangu? Mtoeni. Nimechoka na maji."

Akatoka nje mvuani, sipiyu akaiacha mezani. Nilipoirudishia diski yake na kuiwasha tena, ilitaja vitu vyake sawasawa, kimoja kimoja.

Nikafunga kibanda, nikapanda bodaboda mpaka nyumbani Ijuganyondo. Kabla sijafungua mdomo, mama akasema, "Kuna mtu mwenye kovu alisimama pale mwisho wa migomba. Nimemwita aingie, anasema hapa pameshajaa." Alikuwa analia. Hakuniuliza alikuwa nani.

Tukaenda wote wawili kwa baba mdogo. Mama alimpigia magoti, yeye aliyeolewa akamkuta shemeji huyu bado mtoto, akamlea. Tuliomba jambo moja tu: kaburi lifunguliwe, mgomba utolewe.

Alicheka. "Shemeji, kaburi halifukuliwi kwa sababu ya kompyuta mbovu."

Kumbe kipande kile cha kibanja alikwisha kukiuza, kaburi na vyote. Aliyekinunua amemwaga zege. Leo juu ya jina la kaka yangu linaegeshwa gari, na baba mdogo akipita hapo hata kofia havui.

Tangu hapo, mvua ikinyesha, kompyuta yoyote ninayoiwasha huanza kwa kutaja MAE. Wateja wamenikimbia, na siwalaumu. Mama hukaa mlangoni na kahawa kiganjani, anaita, "Ingia, mwanangu, ingia." Anajibiwa. Niaminini, hata mimi nasikia: pameshajaa.

Basi ninyi mkipotewa na mtu, tafuteni. Wenye haraka watawaambia desturi ni desturi, waacheni waseme. Msimzibie nafasi mtu ambaye bado yuko njiani.

Siku hizi baba mdogo naye ananunua samaki visiwani. Siku akichelewa kurudi, mgomba wake nimeshauchagua.