Mtu wa Milima Katika Alief

Alief haina mlima. Unaweza kuendesha gari kutoka pale saa nzima, upande wowote wa Houston, na kitu pekee kitakachokuinua ni daraja la barabara kuu, ambako baiskeli haziruhusiwi. Libère alizaliwa Bugarama, Burundi, kwenye mgongo wa milima, mahali ambapo nyumba iko juu, kisima kiko chini, na mtoto hujua kupanda kabla hajajua kukimbia. Ameishi Alief miaka kumi na mitano na bado hajaizoea. Alimwambia mkewe Epiphanie kwamba usingizi wa nchi tambarare haushibishi.

Ana miaka hamsini na minne. Anapakia masanduku katika ghala moja magharibi mwa mji, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane na nusu mchana. Ni mtu mkimya, mwenye mapaja manene kuliko yanavyostahili kimo chake, na ukitaka kujua habari za mapaja hayo lazima urudi kwenye ndizi. Alipokuwa kijana alikuwa akiteremsha ndizi mbichi kutoka Bugarama hadi Bujumbura, mikungu sita imefungwa nyuma ya baiskeli, kona baada ya kona, na breki zikishindwa alikanyagia gurudumu kisigino cha kandambili ya tairi. Mdogo wake Zéphyrin, aliyezaliwa miaka minane baada yake, alimfuata kwa baiskeli ndogo yenye mkungu mmoja, akipiga kelele za furaha kila kona.

Vita viliwaangusha wote wawili katika kambi moja huko Kigoma, na humo walikaa hadi Kiswahili kikawa lugha yao ya kila siku. Kisha kambi ikawagawa. Libère alipata Texas. Zéphyrin alimwoa Annick, Mrundi mwenzao aliyekuwa muuguzi Ufaransa, naye akamchukua hadi kwenye milima ya Jura, mpakani na Uswisi, na huko Zéphyrin akapata kazi katika kiwanda cha mbao.

"Kaka, huku ni kwetu," Zéphyrin alisema katika simu ya kwanza. "Milima ileile, ukungu uleule. Ila hakuna watu. Mlima mzima huna wa kumsalimia. Na kila bonde wameweka ziwa."

Alinunua baiskeli ya safari, yenye mifuko pembeni, na kila Jumapili alikuwa akituma picha: maji ya kijani kama chupa, ng'ombe wenye madoa mekundu na kengele shingoni, misonobari hadi angani. Taratibu wakachora njia yao wenyewe. Siku tatu, maziwa saba. Libère aliyakariri kama litania ya kanisani: Clairvaux, Chalain, Narlay, Ilay, Bonlieu, Abbaye, Rousses. Wangeenda pamoja, wakilala kwenye hema, kama wanaume wasiodaiwa na mtu.

Mwaka jana mguu wa kushoto wa Zéphyrin ulianza kujikwaa. Madaktari wakampima, wakampima tena, wakasema ni ugonjwa wa mishipa unaoua misuli polepole, na kwamba hauna dawa. Kwa baiskeli, walimpa msimu mmoja.

Libère aliomba karatasi ya kusafiria, ile wanayopewa wakimbizi wasio na pasipoti, mwezi wa pili. Kisha akaanza mazoezi. Kwa kuwa Mungu hakuiwekea Houston mlima, alijitafutia mmoja wa zege: jengo la kuegesha magari la hospitali, ghorofa sita, lenye njia inayozunguka kama konokono. Kila Jumapili baada ya misa alilipanda. Mlinzi wa jengo hilo alikuwa Mkenya kijana, Kipchoge.

"Mzee, tena? Hii ni parking ya wagonjwa, si Iten ya wakimbiaji."

"Mara tatu tu, mjomba. Juu, chini, basi."

"Ukigongwa, mimi ndiye nafutwa kazi. Si uende park kama watu wengine?"

"Park ni bapa kama chapati."

"Sasa wewe unatafuta mlima Texas? Si ungebaki kwenu."

"Na wewe unaitwa Kipchoge kama yule bingwa wa mbio, mwaka wa tatu huu umekaa kwenye kiti."

Kipchoge alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Haya, mara tatu. Ya nne nina-call polisi, na mimi mwenyewe nitawasaidia kukukimbiza."

Mwezi wa tano haukuleta karatasi, wala wa saba. Libère alipiga simu ofisini, akasikiliza muziki dakika arobaini, akaambiwa ombi lake linashughulikiwa. Mwezi wa nane akaambiwa hivyohivyo, kwa upole uleule. Si kwamba kuna mtu alimkatalia. Mtu angemkatalia, angejua wapi pa kugonga.

Mwanzoni mwa Septemba Zéphyrin alipiga. "Kaka, naondoka kesho."

"Unaondoka kwenda wapi? Tulisema pamoja."

"Jana nimeanguka jikoni nikiwa nimesimama tu. Nikikungoja, nitakungoja nikiwa kitandani."

Libère alitafuta maneno ya kumzuia, akakuta yote ni ya uongo. Alimwambia avae kofia ngumu.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Sheria ya ghala ni kwamba simu hukaa kwenye kabati, kwa hiyo Libère aliishi safari ile kwa vipande, dakika kumi na tano za mapumziko ya saa mbili na nusu, nusu saa ya chakula saa tano. Alifungua kabati, akakuta ziwa. Chalain alfajiri, moshi mweupe juu ya maji. Ilay na kisiwa chake kidogo. Kiatu cha Zéphyrin kimefungwa kwenye pedali kwa mkanda ili mguu usiteleze. Libère aliitazama picha ile ya kiatu zaidi kuliko za maziwa yote.

Siku ya tatu, saa mbili na nusu, simu ilikuwa inaita alipofungua kabati. Ufaransa ilikuwa saa tisa na nusu alasiri.

"Uko wapi?"

"Morez, chini bondeni. Limebaki ziwa moja." Zéphyrin alihema. "Kilomita nane, zote za kupanda. Mguu umekataa, Kaka. Nauambia sukuma, unaniangalia tu."

"Shuka, kokota."

"Nimekokota. Hatua kumi, nakaa. Hatua kumi, nakaa."

"Basi mwite Annick aje na gari."

"Annick akija, imekwisha."

Libère aliegemea kabati. Angekuwa pale, angeweka kiganja mgongoni mwa mdogo wake na kumsukuma kilomita zote nane, na mapaja yake yangemshukuru. Mapaja yalikuwa Houston, katika viatu vya kazi vyenye ncha ya chuma.

"Kuna lori linakuja," Zéphyrin alisema. Sauti yake ilibadilika. "La magogo. Limejaa, linakwenda polepole."

Libère alijua hapo hapo. Watu wa ndizi wa Bugarama hawakupanda mlima kwa miguu. Walipomaliza kuuza Bujumbura walingoja penye kona, lori lililoelemewa likipita wanalidandia, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye usukani, likawavuta hadi nyumbani. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwonyesha Zéphyrin pa kushika. Na wote wawili walimwona mwenzao mmoja akichukuliwa na gurudumu la nyuma.

"Zéphyrin, usithubutu!"

"Ni wewe uliyenifundisha."

"Nilikufundisha ukiwa na mikono na miguu!"

"Mikono ninayo."

Kukawa na ngurumo, chuma kikagonga kitu, na ndani ya ngurumo Libère akasikia kelele aliyokuwa hajaisikia kwa miaka thelathini, kelele ya mtoto penye kona. Kisha simu ikakatika.

Alipiga mara nne. Haikupokewa. Alimwandikia Annick: Barabara ya Morez kwenda Rousses, nenda sasa.

"Libère, break imeisha." Ni Wacuka, msimamizi wao, Mkenya kutoka Nyeri. "Simu kwenye locker, tafadhali."

"Mdogo wangu…"

"Ana nini? Yuko hospitali gani? Nikupe ruhusa uende."

"Yuko Ufaransa."

Wacuka alimtazama kwa huruma, na swali alilouliza halikuwa la ubaya. "Sasa mzee wangu, ukikaa na simu mkononi, utamfanyia nini?"

Libère aliiweka simu ndani, akafunga kabati.

Kwa muda wa saa mbili na robo alipakia masanduku. Yalikuwa na mashine za kahawa, zote za aina moja. Mikono ilifanya kazi yake bila kumuuliza. Alijaribu kusali rozari, akapotea katikati, akaanza upya, akapotea palepale. Kila alipofumba macho aliona gurudumu la nyuma, kwa hiyo akaacha kufumba macho.

Saa tano kamili alikimbia. Annick alikuwa amepiga mara tatu. Alipompigia, alipokea kwa video.

"Yu hai, shemeji," alisema kabla ya salamu. "Dereva alimwona kwenye kioo, akasimama. Amemtukana, kisha amempakia na baiskeli yake, akamleta mpaka huku juu. Amechubuka mkono tu."

"Huku juu wapi?"

Annick aligeuza simu. Lilikuwa ziwa refu, la kijivu, jioni ikianza, upepo ukilikunja. Ukingoni Zéphyrin alikaa kwenye benchi, ameligeuzia ziwa mgongo.

"Umefika," Libère alisema.

"Sikufika. Nimeletwa kama mzigo." Hakugeuka. "Niliachia mkono, Kaka, hata kabla dereva hajasimama. Vidole navyo vimeanza kukataa. Sikuachia kwa kupenda."

Kumwambia pole kulikuwa kumpa sarafu mtu aliyeunguliwa na nyumba. Nyuma ya Libère watu walikuwa wakipasha moto wali na kubishana habari za mpira.

"Unataka nikate?" Zéphyrin aliuliza.

"Usikate."

"Sina la kusema."

"Usiseme. Mwambie Annick aiweke simu hapo kwenye benchi."

Annick akaiweka. Skrini ilionyesha anga na kipande cha bega la Zéphyrin, likipanda na kushuka. Walikaa hivyo, yeye na chakula chake kilichopoa, hadi Wacuka akapita akigonga meza kwa kucha, ishara kwamba muda umekwisha.

Libère alisimama. Hakukata. Aliiweka simu ndani ya kabati taratibu, ikiwa wazi, upepo wa ziwa ukivuma kwenye giza la chuma juu ya koti lake, akafunga mlango na kurudi kwenye masanduku. Alipotoka saa nane na nusu ilikuwa imezimika, na hakujua nani kati yao aliishiwa chaji kwanza.